Barua ya wazi kwa wakuu wa afya: tusikilizeni, msitunyemelee

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa vituo vya dharura na viongozi wa mashirika ya afya ya umma.

YAH: KUFUATILIA MAZUNGUMZO YA WATU WAKATI WA MLIPUKO WA UGONJWA

Waheshimiwa,

Nimewahi kufanya kazi ambayo ninyi huiona ikiwa imeshageuka chati. Kila asubuhi, kabla ya kikao cha saa tatu, nilifungua kurasa za Facebook na Twitter, maoni yaliyo chini ya video za YouTube, na makundi ya WhatsApp na Telegram ambamo mtu alikuwa ametuingiza. Nilinakili yale watu waliyokuwa wakisema kuhusu ugonjwa na chanjo, nikayapanga kwenye jedwali. Safu ya kwanza ilikuwa kauli yenyewe, ya pili ilikotoka, ya tatu jina la akaunti, ya nne aina yake: swali, lawama, uvumi, uzushi. Safu ya mwisho ilikuwa ya rangi. Kijani, njano, nyekundu.

Siku moja nilinakili ujumbe wa mama mmoja. Kundi lilikuwa la wazazi, watu wasiofika mia. Aliandika: "Mwanangu ana homa tangu juzi. Nimesikia mtoto akichomwa sindano akiwa na homa anaweza kupooza. Nimpeleke kwenye chanjo au nisubiri?" Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kikao kianze, na mbele yangu kulikuwa na mistari arobaini. Nikaandika: uzushi, chanjo inapoozesha. Nyekundu. Jina lake na namba yake ya simu vikaingia pia, kwa sababu ndivyo programu ilivyokuwa ikinakili, wala sikufikiria kuvifuta. Jedwali likatumwa kwa barua pepe kwa watu kumi na saba, na baadhi yao hadi leo sijui walikuwa wa ofisi gani.

Baada ya siku tatu alipigiwa simu, na aliyempigia hakuwa muuguzi. Aliulizwa ni nani amemtuma kutisha watu. Nililijua hilo kwa sababu alirudi kundini, akaeleza kwa mistari miwili, akawaomba radhi wote, kisha akajitoa. Swali lake halikujibiwa na mtu yeyote, mimi nikiwemo. Wiki mbili zilizofuata kundi lile lilikuwa na salamu za asubuhi na matangazo ya vikao tu. Kwenye ripoti yetu tuliandika kwamba uvumi umepungua.

Jibu lake lilikuwa la sentensi mbili. Homa ndogo kwa kawaida haizuii chanjo. Mtoto aliyezidiwa apelekwe akapimwe na kutibiwa kwanza, chanjo itasubiri. Wala hofu yake haikuzuka hewani. Mwaka 1950 madaktari wa Uingereza na Australia waliona kwamba wakati polio imeenea, mtoto aliyekwisha kuambukizwa virusi hivyo bila kujulikana akichomwa sindano, kiungo kilichochomwa kinaweza kupooza. Habari hiyo haimhusu mtoto mwenye mafua mahali ambapo hakuna polio. Lakini ni habari ya kweli iliyosafiri miaka mingi ikapoteza masharti yake njiani, na mama akaifikisha mahali panapostahili, yaani mbele ya watu wanaoweza kumwambia. Mimi niliigeuza kuwa kosa lake.

Ndiyo maana nawaandikia.

Siwaombi mzibe masikio. Uvumi unaua. Mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa kunywa methanoli, aina ya pombe yenye sumu, wengi wakiwa wamesikia kwamba pombe inakinga au inatibu Korona. Neno kama hilo likianza kuzunguka, kila saa ina thamani yake. Ofisi isiyojua watu wanaambiana nini itatoa tangazo zuri sana kuhusu jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Na kazi hii ikifanywa vizuri huwa kazi ya heshima. Mfano ninaourudia kila mara unatoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mlipuko wa Ebola ulioanza Agosti 2018 na kutangazwa kuisha Juni 2020 uliwapata watu 3,470 na kuua 2,287. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walipita nyumba kwa nyumba wakielimisha, na wakaandika maswali, malalamiko na uvumi waliokutana nao huko. Mojawapo ya maneno yaliyorudi tena na tena ni kwamba maiti zinaibwa au zinakatwa viungo kabla ya kuzikwa. Ingekuwa rahisi kuandika "uzushi", kupaka rangi nyekundu na kuchapisha bango. Lakini ndani ya neno lile kulikuwa na ombi: tuonyesheni. Ikaletwa mifuko ya maiti inayoonyesha ndani, ndugu wakaweza kuuona uso wa mtu wao kabla ya kumzika. Kilichobadilishwa ni mfuko, aliyelalamika akaachwa na amani yake.

Huko huko ulikuwepo uvumi mwingine, kwamba Ebola ni siasa. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba sehemu za Beni na Butembo, zilizokuwa na mlipuko huo, hazitapiga kura pamoja na nchi nzima, Ebola ikiwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Kura yao ilisogezwa hadi Machi 2019, wakati rais mpya alikwisha kuapishwa Januari. Siku moja baada ya tangazo, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola. Niambieni, waheshimiwa, uvumi wa namna hiyo unasahihishwa na bango gani? Watu hawakukosa taarifa. Walikuwa na taarifa kamili, na walikuwa wamenyimwa kura.

Kiswahili kilikwisha kutenganisha mambo haya zamani. Kusikia ni kazi ya sikio. Kusikiliza ni kumpa mtu sikio lako, naye akajua umempa. Kudukiza ni kujibanza nyuma ya mlango watu wakizungumza. Mikataba mnayotia saini inasema mnanunua programu za kusikiliza jamii. Someni tena kwa utulivu zinachofanya: nyingi zinadukiza.

Najua mtakalonijibu, maana nimelisikia vikaoni mara nyingi, na mimi mwenyewe nimelisema: "Lakini wamesema hadharani." Mtu anayeongea na mwenzake kituo cha basi anajua kwamba waliokaa karibu wanasikia. Hajui, wala hajakubali, kwamba yupo anayemfuata kila kituo kwa mwaka mzima akiandika jina lake, saa, na kila alichosema kuhusu tumbo lake, mimba yake, dini yake na serikali yake. Neno moja lililosemwa hadharani ni neno tu. Maneno elfu ya mtu mmoja yakikusanywa mahali pamoja ni faili. Na tuseme kweli, kundi la yule mama halikuwa hadharani hata kidogo. Tuliliita hadharani kwa sababu tulikuwa na kiungo cha mwaliko.

Watu wakihisi wanaangaliwa, hunyamaza. Baada ya Edward Snowden kufichua ukubwa wa upelelezi wa Marekani mtandaoni mwezi Juni 2013, usomaji wa makala za Wikipedia zinazogusa ugaidi ulishuka, kama alivyoonyesha mtafiti Jonathon Penney mwaka 2016. Hao walikuwa wanasoma tu, kimya kimya, vyumbani mwao. Itakuwaje kwa mtu anayetaka kuuliza kama dalili zake ni za ugonjwa ambao majirani watamkimbia kwa ajili yake? Ukimya huo kwenye dashibodi, yaani ukurasa wenu wa chati, unaonekana kijani. Kwa anayefuatilia ugonjwa, hakuna rangi ya hatari kuliko hiyo.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi, nalo ni hili la nani anasema kipi ni uzushi, na lini.

Tarehe 30 Desemba 2019 daktari wa macho mjini Wuhan, Li Wenliang, aliwaonya madaktari wenzake kwenye kundi lao la WeChat kuhusu wagonjwa wenye kitu kilichofanana na SARS, ugonjwa hatari wa mapafu. Tarehe 3 Januari aliitwa polisi akatia saini karatasi ya karipio iliyosema ametoa kauli zisizo za kweli na kuvuruga utulivu wa jamii. Tarehe 7 Februari 2020 alifariki kwa ugonjwa ule ule. Mazungumzo yake yalifuatiliwa, yakapatikana, yakashughulikiwa upesi. Mfumo ulifanya kazi yake sawasawa, na tahadhari ikapotea.

Wala si polisi peke yao. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani liliandika kwenye Twitter, likitanguliza neno "ukweli" kwa herufi kubwa, kwamba Korona haienei kwa njia ya hewa. Julai mwaka huo wanasayansi 239 wakaunga mkono andiko la wazi lililosema ushahidi wa kuenea hewani haupaswi kupuuzwa tena, na miaka iliyofuata ikawapa haki. Silaumu shirika kwa kukosea. Mwanzoni mwa mlipuko kila mtu anapapasa gizani. Ninauliza tu: miezi ile, mtu aliyeandika "fungueni madirisha, huu ugonjwa uko hewani" aliwekwa rangi gani kwenye majedwali yetu? Na alipothibitika kuwa sahihi, nani alirudi kuifuta?

Mwanzoni mwa 2021 wanawake wengi walianza kuambiana mtandaoni kwamba hedhi zao zimebadilika baada ya chanjo ya Korona. Waliambiwa ni wasiwasi wao. Mazungumzo yao yalikuwa jirani mno na uzushi mwingine, ule wa chanjo kuleta utasa, kwa hiyo yakatupwa kapu moja. Januari 2022 utafiti ulioongozwa na Alison Edelman nchini Marekani ukaonyesha kwamba mzunguko hurefuka kweli, kwa wastani usiofika siku moja, na mabadiliko hayo hupita. Oktoba 2022 kamati ya usalama wa dawa ya Umoja wa Ulaya ikapendekeza hedhi nzito iongezwe kwenye orodha ya madhara ya chanjo za Pfizer na Moderna. Utasa ulikuwa uongo, hedhi ilikuwa kweli. Mtu aliyeweza kuwajibu wanawake hao kwa adabu mapema, "ndiyo, tunalifuatilia, na hatuoni dalili ya utasa", angeukata mzizi wa uongo ule kwa kuukubali ukweli uliokuwa kando yake. Sisi tuliokuwa na kazi ya kusikiliza tulikuwa na jedwali lisilo na safu ya "huenda wana haki".

Naomba safu hiyo iwepo. Ninasema hivi nikimaanisha safu halisi, kwenye jedwali halisi, na mtu mwenye jina anayewajibika kuisoma pamoja na wanaofuatilia madhara ya dawa.

Sasa nije kwenye simu aliyopigiwa yule mama, maana hapo ndipo penye mamlaka yenu.

Singapore ilianzisha programu ya TraceTogether mwezi Machi 2020 kuwatafuta waliokaribiana na wagonjwa, na wananchi wakahakikishiwa kwamba data zake ni za kazi hiyo tu. Januari 2021 serikali ikakiri bungeni kwamba sheria ya makosa ya jinai inawaruhusu polisi kuzichukua. Mwezi uliofuata ikapitishwa sheria ya kubana matumizi hayo yabaki kwenye aina saba za makosa mazito. Si Singapore pekee yenye mwanya kama huo. Nchi nyingi zina sheria inayompa polisi ufunguo wa kabati lolote, na ahadi ya waziri wa afya haifungi kabati. Aliyeahidi huenda aliamini kabisa anachosema.

Mkitaka kujua gharama ya afya kuwaazima wapelelezi vazi lake, tazameni Abbottabad, Pakistan. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani lilitumia kampeni ya chanjo ya homa ya ini kama kisingizio cha kumtafuta Osama bin Laden. Habari ilifichuka Julai mwaka huo huo. Desemba 2012 wahudumu kadhaa wa chanjo ya polio waliuawa kwa risasi Pakistan, katika nchi ambako wanamgambo walikuwa wakiwaita wapelelezi. Ikulu ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kwamba shirika hilo halitatumia tena kampeni za chanjo. Wale waliouawa hawakuwa na habari na lolote. Walikuwa na kisanduku cha barafu na orodha ya watoto.

Kanuni mnazo tayari. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, kifungu cha 45, zinataka taarifa binafsi zitunzwe kwa siri na zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Miongozo 17 ya maadili ya ufuatiliaji wa afya iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 inasema wazi kwamba taarifa zinazomtambulisha mtu zisipewe vyombo vinavyoweza kuzitumia kumchukulia hatua, au kwa mambo yasiyohusu afya ya umma. Na marekebisho ya Kanuni hizo yaliyopitishwa Juni 2024, yakaanza kutumika Septemba 2025, sasa yanazitaka nchi ziwe na uwezo wa kushughulikia taarifa potofu na za upotoshaji. Kwa hiyo bajeti za kusikiliza zitaongezeka, ofisi zitafunguliwa, programu zitanunuliwa. Ninachoogopa ni kwamba kifungu kipya kitasomwa na wengi na kifungu cha 45 kitabaki kabatini.

Ukuta kati ya msikilizaji wa afya na vyombo vya dola ujengwe sasa, kabla ya mlipuko ujao, na ujengwe kwa sheria. Katikati ya dharura hakuna anayejenga kuta. Ni wakati ambao kila mtu anaomba ufunguo. Majina na namba za simu zisinakiliwe kabisa. Sikuwahi kuona hata mara moja uamuzi wa afya uliohitaji kujua nani hasa amesema. Tulihitaji kujua ni wangapi wanasema, wa wapi kwa upana, na wanaogopa nini. Kisichonakiliwa hakivuji, wala hakiombwi na mtu mwenye sare. Wapo wanaotunga uongo kwa makusudi na kuuza dawa bandia kwa hofu za watu, nao washughulikiwe kwa sheria za udanganyifu, kwa hati ya mahakama, na ofisi nyingine kabisa. Msichanganye kazi mbili kwenye meza moja. Mimi nilikuwa kwenye meza hiyo, na najua jinsi nyekundu moja inavyofanana na nyekundu nyingine saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Tangazeni kwamba mnasikiliza. Semeni mnasikiliza wapi, mnachukua nini, mnakifuta lini, na aliyenakiliwa kimakosa alalamike kwa nani. Kila mwezi chapisheni tulichosikia na tulichobadilisha. Mwezi ambao sehemu ya pili ni tupu, mjue mlikuwa mnadukiza tu. Makundi ya watu binafsi msiingie bila kujitambulisha. Aingie muuguzi mwenye jina lake, aseme amekuja kujibu maswali, na wasiomtaka wamtoe.

Jambo moja nalipitia haraka, ingawa si dogo. Mashine zenu huwasikia zaidi wenye simu nzuri na wenye lugha ambazo mashine zimefundishwa. Mwenye kusema kwa methali, kwa mafumbo au kwa lugha ya watu wachache, mashine humsoma kinyume, na asiye na simu haisomi kabisa. Kwa hao hakuna njia ya mkato: ni mtu kwenda, kukaa, na kuuliza.

Sina cheo cha kuwaamuru. Ninachoweza kufanya ni kukiri sehemu yangu, nami nimekiri. Sikujulishwa kamwe kwamba jedwali la asubuhi ile limefutwa, na linakaa kwenye sanduku la barua pepe za watu kumi na saba. Naomba kila mmoja wenu aagize, wiki hii, majedwali ya namna hiyo yaliyobaki tangu dharura zilizopita yatafutwe, majina yaondolewe, na maswali yaliyoandikwa uzushi yasomwe upya na mtu anayeweza kuyajibu. Mstari wa yule mama ulikuwa wa ishirini na tatu.

Wenu katika huduma,

Aliyewahi kukaa kwenye meza ya kusikiliza